Jinsi ya Kuizunguka M-185 Bila Gari, Bila Haraka na Bila Kumkasirisha Farasi

Kwanza kabisa, achana na gari. Liache ng'ambo ya Kisiwa cha Mackinac, kwenye mji wa Mackinaw City au St. Ignace, katika viwanja vya kuegesha karibu na feri. Lifunge, liage, lisikusumbue akili. Unakwenda kusafiri katika barabara kuu ya jimbo la Michigan, Marekani. Ina namba yake, M-185, ina vibao vyake vya maili, na imo katika orodha ileile ya jimbo yenye barabara zinazobeba malori ya Detroit. Lakini gari lako haliruhusiwi kuikanyaga. Hakuna barabara kuu nyingine ya jimbo nchini Marekani iliyo na katazo kama hilo.

Barabara yenyewe ni fupi, maili 8 hivi, yaani kilomita 13. Inaanzia mjini katika Kisiwa cha Mackinac, inakizunguka kisiwa chote kandokando ya Ziwa Huron, kisha inaishia ilipoanzia. Haiungani na barabara kuu nyingine yoyote. Kwa hiyo usihangaike na ramani, na simu iweke mfukoni. Ukitoka mjini kuelekea mashariki, maji yatakuwa mkono wako wa kulia, na yatabaki mkono wa kulia mpaka urudi mjini. Ukiyaona mkono wa kushoto, umegeuka nyuma, geuka tena.

Hatua ya pili ni kujua unachokikanyaga, maana bila kujua hilo utadhani umekuja kwenye bustani ya kuchezea watoto. Mwaka 1898 baraza la kijiji cha Mackinac Island lilipiga marufuku magari ya injini. Wenye magari ya farasi walikuwa wamelalamika: mashine zile mpya zilikuwa zinapiga kelele, farasi wanashtuka, watu wanahatarishwa. Baraza likasikiliza, likaamua. Miaka michache baadaye marufuku hiyo ikaenea hadi kwenye ardhi ya hifadhi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kisiwa. Sasa tazama tarehe. Kampuni ya Ford ilianzishwa Detroit mwaka 1903, na gari lake maarufu la Model T lilitoka 1908. Jimbo lililokuja kuwalisha walimwengu magari lilikuwa tayari na kijiji kilichokwisha kuyakataa, tena miaka 5 kabla ya kampuni hiyo kuzaliwa.

Barabara ya ufukweni ilijengwa katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, na mwaka 1933 jimbo likaipa hadhi ya barabara kuu. Hapo ndipo ninapokuomba usimame kidogo kabla hujapanda baiskeli. Kufikia 1933 magari yalikuwa yamekwisha kuiteka Marekani, na kipande hiki cha njia kikaingizwa katika mtandao wa barabara za jimbo bila mtu kudai kwamba sasa lazima magari yaruhusiwe. Barabara ikabaki barabara. Wanaoipita ni watu, baiskeli na farasi, na jimbo likaona hao wanatosha kuitwa wasafiri.

Sasa chagua chombo. Uko huru kwenda kwa miguu, na kama miguu yako ni mizima utatumia saa tatu au zaidi kidogo. Unaweza kupanda baiskeli, kama wafanyavyo walio wengi. Maduka ya kukodisha yamejaa karibu na magati, na zipo za watu wawili, zipo zenye kigari cha kuvuta mtoto. Usijitese kutafuta baiskeli yenye gia nyingi. Njia ni tambarare kwa sababu imelala chini kabisa, kati ya maji na miamba. Au kodi farasi na kigari ukaendeshe mwenyewe; huduma hiyo ipo, na wenyewe watakufundisha kushika hatamu kabla hawajakuachia. Magari makubwa ya farasi ya watalii yenyewe hupenda njia za katikati ya kisiwa, kwa hiyo ukishatoka nje ya mji ufuo unakuwa wa wapanda baiskeli na waenda kwa miguu.

Anzia mbele ya kituo cha wageni cha hifadhi, kwenye maili ya sifuri. Usianze kwa kasi. Mtaa Mkuu wa mji ni sehemu ya M-185, na ndiyo sehemu ngumu kuliko zote: feri zimeteremsha watu, watu wanatembea huku wanakula fudge, yaani peremende nzito ya sukari, siagi na maziwa inayokunjwakunjwa juu ya meza za marumaru madukani, na katikati yao zinapita gari za mizigo zenye farasi wawili wakubwa. Sheria ni moja tu na haina mjadala: farasi apewe njia. Shika kulia. Ukitaka kumpita mtu, mwambie kwa sauti kwamba unapita kushoto kwake. Usimpigie farasi kengele mgongoni. Usisimame katikati ya njia kupiga picha, hata kama umeona farasi mzuri kuliko wote duniani. Sogea pembeni kwanza, farasi hatakimbia na uzuri wake.

Na kuhusu kilicho chini ya kwato, ukikwepe, usikunje uso. Wakati wa kiangazi kisiwa huwa na mamia ya farasi, na farasi ni mnyama anayekula kutwa. Kuna wafanyakazi ambao kazi yao ni kufagia barabara siku nzima, na kinachofagiwa huchanganywa na mabaki ya chakula na majani, kikaozeshwa kuwa mbolea, kikarudishwa kwenye bustani zile zile ambazo wageni huzipiga picha. Ukitaka kulinganisha, simama nyuma ya basi bovu katika mji wowote ulioko karibu nawe, uvute pumzi, kisha uniambie ni harufu ipi unayoweza kuishi nayo miaka 40 bila kuugua kifua.

Ukishapita nyumba za mwisho upande wa mashariki, mambo yanabadilika ghafla. Hakuna hoteli, hakuna duka, hakuna uzio wa mtu. Kulia ni ziwa, na maji yake ni maangavu kiasi kwamba utaona kokoto zake chini. Kushoto ni miamba ya chokaa na mierezi. Hili nalo halikutokea lenyewe. Mwaka 1875, miaka mitatu tu baada ya Yellowstone, serikali ya Marekani ilikitangaza kisiwa hiki hifadhi ya pili ya taifa. Mwaka 1895 ardhi ile ikakabidhiwa kwa Michigan, ikawa hifadhi ya kwanza ya jimbo. Leo zaidi ya asilimia 80 ya kisiwa ni mali ya hifadhi. Ndiyo maana tajiri hakuweza kuununua ufuo wote akaujengea ukuta, na ndiyo maana wewe uliyekodi baiskeli kwa saa moja unaona kile kile anachokiona aliyelala katika chumba cha bei kali.

Teremka chini ya Arch Rock. Ni tao la mwamba wa chokaa lililochongwa na maji na hali ya hewa tangu enzi ambapo ziwa lilikuwa juu zaidi kuliko sasa, na liko karibu meta 44 juu ya barabara. Kuna ngazi 207. Zipande. Najua utasema utalitazama kutoka chini, kwamba linaonekana vizuri tu. Zipande. Kutoka juu utaiona M-185 ikipita chini yako, nyembamba, imebanwa kati ya mwamba na maji, na utaelewa kwa macho jambo ambalo maneno hayalifikishi: barabara hii ikipewa magari, itabidi ipanuliwe, na ili ipanuliwe lazima aidha mwamba ukatwe au ziwa lifukiwe. Hakuna njia ya tatu.

Ziwa lenyewe halisubiri kufukiwa. Mwaka 2019 na 2020 maji ya Maziwa Makuu yalipanda sana, mawimbi yakaila M-185, sehemu zake zikamomonyoka, na jimbo likalazimika kuitengeneza. Fedha za barabara kuu zilitumika kwenye lami ambayo haitakanyagwa na lori wala basi. Wapo watakaoona huo ni ubadhirifu. Mimi naona ni matumizi ya fedha za umma yaliyonyooka kuliko mengi niliyoyasikia: watu wanaipita, kwa hiyo inatengenezwa. Mama anayevuta mtoto kwa baiskeli amelipa kodi kama dereva wa lori alivyolipa, na lami yake nayo ina haki ya kuzibwa mashimo.

Msomaji wa Lamu amekuwa akitabasamu tangu mwanzo. Kwake mji usio na magari si habari. Punda wamebeba mchanga, mawe na magunia katika vichochoro vile karne kwa karne. Lakini naomba atazame tofauti moja. Vichochoro vya mji wa kale wa Lamu vilijilinda vyenyewe kwa wembamba wake, maana gari haliwezi kupita mahali ambapo punda wawili wakikutana lazima mmoja asubiri. M-185 haina kinga hiyo. Magari ya farasi yanapishana juu yake, na gari dogo la kawaida lingepita bila taabu kesho asubuhi. Kinacholizuia ni karatasi ya mwaka 1898 na watu ambao kila kizazi kinakataa kuichana. Na Lamu yenyewe, tangu pikipiki zianze kuingia kisiwani, imeanza kujua kwamba wembamba wa njia peke yake hautoshi.

Endelea. Ukifika upande wa kaskazini-magharibi utaona mahali panapoitwa British Landing, na hapo kuna pa kupumzika na pa kununua kinywaji. Kaa, kunywa, na ukumbuke kwamba mahali hapa wageni wa kwanza maarufu hawakuja na baiskeli. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1812, Kapteni Charles Roberts aliteremsha hapa jeshi la Waingereza, wafanyabiashara ya manyoya na wapiganaji wa mataifa ya wenyeji, mamia ya watu kwa jumla. Wakaburuta mzinga msituni mpaka juu ya kilima kilichoitazama ngome ya Wamarekani kutoka nyuma. Luteni Porter Hanks, aliyekuwa na askari wapatao 60 ngomeni, alikuwa hajapata taarifa rasmi kwamba nchi yake imetangaza vita. Akajisalimisha bila mapigano. Miaka miwili baadaye, Agosti 1814, Wamarekani walijaribu kukikomboa kisiwa kwa kuteremkia papo hapo, wakapigwa, na Meja Andrew Holmes akauawa. Kisiwa kilirudi mikononi mwao kwa mkataba wa amani. Ngome ya juu kilimani leo ina jina la Holmes. Kabla ya hao wote, watu wa Anishinaabe walikuwa wakivua samaki, wakikutana na kuzika wafu wao hapa kwa karne nyingi, na kabla hujaiita njia hii ya Waingereza au ya Wamarekani, jua kwamba umepanda baiskeli juu ya ardhi yao.

Nusu ya pili ya safari ina upepo. Mara nyingi unatoka magharibi, na kwa kuwa umezunguka kaskazini sasa unaukabili usoni au ubavuni. Usishindane nao. Teremka, tembea, utazame Daraja la Mackinac lililofunguliwa 1957 linavyounganisha sehemu mbili za Michigan, urefu wake karibu kilomita 8, magari yakipita juu yake mfululizo. Ndiyo mandhari ninayoipenda kuliko zote katika mzunguko huu, kwa sababu inawajibu wale wanaodhani kwamba kutetea M-185 ni kuchukia magari. Daraja lile ni kazi kubwa ya wahandisi na wafanyakazi, na linahitajika. Magari yana mahali pake, na pale ndipo pake. Hapa uliposimama si pake.

Pitia Devil's Kitchen, pango dogo katika mwamba kando ya njia, kisha nyumba zitaanza kuonekana, na juu kilimani veranda ndefu nyeupe ya Grand Hotel, iliyofunguliwa 1887. Umekaribia mji.

Ukirudi na njaa, kula fudge yako kwa adabu, maana mji huu una historia na matumbo. Mwaka 1822 kijana mmoja mchukuzi wa manyoya, Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa bahati mbaya katika duka la Kampuni ya Manyoya ya Marekani. Akapona, lakini tundu la tumboni halikufunga. Daktari wa jeshi William Beaumont akaona fursa, akawa anaingiza vipande vya chakula kwa uzi na kuvitoa kuona vinavyosagika, na mwaka 1833 akatoa kitabu kilichobadilisha elimu ya umeng'enyaji wa chakula. Sijawahi kuridhika kwamba sifa zote zilimwendea daktari. Tumbo lilikuwa la mchukuzi.

Sasa zamu ya usalama. Kwa zaidi ya miaka 70 tangu ipewe hadhi, M-185 haikuandikiwa ajali hata moja ya gari. Rekodi hiyo ilivunjwa mwaka 2005, pale gari la zimamoto lilipogonga mlango wa ambulensi. Ndiyo, magari ya dharura yanaruhusiwa, na wakati wa baridi pikipiki za theluji pia. Lakini usijione umeingia peponi. Baiskeli hugongana, hasa mjini, farasi hushtuka, watoto hukata njia bila kutazama. Vaa kofia ngumu. Jambo linalonigusa ni hili: makosa ya watu pale ni yale yale ya kila mahali, uzembe ule ule, haraka ile ile, ila vyombo vyao ni vyepesi na mwendo wao ni mdogo, kwa hiyo wengi wao hulipia uzembe huo kwa goti lililochubuka. Kwetu, mtoto akikosea hatua moja kando ya barabara kuu, wazazi wake huitiwa mochwari. Tumezoea kuliita hilo bahati mbaya. Lakini mwendo wa magari mbele ya shule ni jambo linaloamuliwa na watu waliokaa mezani.

Ukitaka kumjua anayeubeba mzigo wa uamuzi wa kuyakataa magari kisiwani, amka mapema uende gatini. Kila kitu kinachoingia kisiwani huteremshwa hapo na kupandishwa kwenye magari ya farasi: vifurushi, vitanda vya hoteli, vinywaji, saruji, masanduku ya wageni. Masaisi huanza kazi kabla watalii hawajaamka. Wengi wa wanaopika, wanaotandika na wanaohudumu mahotelini ni wafanyakazi wa msimu, na kwa muda mrefu wengi wao wamekuwa wakitoka Jamaika. Wakazi wa mwaka mzima ni mia tano hivi tu. Msimu ukiisha, farasi wengi huvushwa kwenda bara kula nyasi na kupumzika, na ziwa likiganda vizuri wakazi huivuka barafu hadi St. Ignace kwa pikipiki za theluji, wakifuata mstari wa miti ya Krismasi iliyokwisha tumika, wanayoipanga ili njia isipotee. Wape bakshishi wanaokuhudumia. Kisiwa kisicho na injini huendeshwa kwa misuli, na misuli ina mwenyewe.

Huenda wewe ni mtu mkubwa, una walinzi, na umezoea kupishwa. Mwongozo wako ni huu: mwaka 1975 Rais Gerald Ford alikitembelea kisiwa akiwa madarakani, akapanda gari la farasi. Mwaka 2019 Makamu wa Rais Mike Pence alifika na msafara wa magari manane, wa kwanza wa aina yake kisiwani, na watu wakakasirika mpaka nje ya Michigan. Fuata mfano wa Ford. Walinzi wa rais walikuwepo 1975 pia, na kazi yao haikuwa rahisi kuliko ya wenzao wa 2019. Kanuni inayomwinamia mwenye cheo hufundisha kila mtu kwamba nayo ina bei, na kila mwenye duka mjini pale anaweza kupata sababu ya kutaka gari lake moja tu, dogo, la umeme, la mara moja kwa wiki.

Na hapo ndipo vita vya sasa vilipo. Baiskeli za umeme hazipigi kelele, hazitoi moshi, hazimshtui farasi kwa muungurumo. Hoja zote za 1898 hazizigusi. Hata hivyo kisiwa kimezikataa, isipokuwa kwa mtu mwenye ulemavu wa kutembea, naye aruhusiwe ile ya aina ya chini kabisa, ambayo mota yake husaidia tu wakati anakanyaga pedali. Naunga mkono pande zote mbili za kanuni hiyo. Mwendo ndio uliokuwa hoja tangu mwanzo, hata kama waliolalamika 1898 hawakuutaja. Kwa hiyo kama yako ina mota na miguu yako ni mizima, iache ng'ambo pamoja na gari. Na kama kibibi mwenye kibali akikupita kwenye yake karibu na British Landing, wewe unahema dhidi ya upepo, usinung'unike. Shika kulia, mpishe.